Barua ya wazi kwa wakuu wa mitaala na mitihani ya Biolojia: bakteria hawazoei dawa

Kwa: Wakurugenzi wa taasisi za mitaala, makatibu wa mabaraza ya mitihani, na wenyeviti wa majopo ya Biolojia

Yah: Namna mabadiliko ya jeni katika vijidudu yanavyofundishwa na kusahihishwa

Waheshimiwa,

Salamu na heshima zetu kwenu. Tumekwisha kuwaandikia kuhusu jambo hili kwa njia ya ndani, tukaambatanisha kurasa za kitabu cha kiada zenye makosa pamoja na marekebisho tunayopendekeza. Jibu tulilopata ni kwamba barua imepokelewa. Tangu hapo kitabu kimechapwa upya kikiwa na maelezo yaleyale, na mwongozo wa usahihishaji umetoa alama kamili kwa jibu lilelile. Ndiyo maana leo tunaandika mbele ya watu.

Maelezo yenyewe, ukiyafupisha, husema kwamba bakteria wanaokutana na dawa mara kwa mara huizoea, kisha hujibadilisha ili waweze kuishi nayo. Mwanafunzi huyakariri kwa dakika moja na kupata alama zake. Baadaye mwanafunzi huyo anakuwa muuguzi, mfamasia, mfugaji au mzazi mwenye mtoto mgonjwa, na anafanya uamuzi juu ya dawa akiwa na picha kichwani ambayo si ya kweli. Hoja zetu ni hizi.

1. Dawa haimfundishi bakteria kitu

Tuanze na lugha, maana lugha yetu inatutega hapa. Neno sugu, kabla halijaingia hospitalini, ni ngozi iliyokakamaa kwa kusuguliwa: kiganjani mwa mshika jembe, au kwenye paji la uso la mwenye kusujudu sana. Sugu hiyo huja baada ya msuguo. Huota kwa mtu yuleyule aliyesuguliwa, na hawezi kumrithisha mwanawe. Usugu wa bakteria ni kinyume katika mambo yote matatu. Badiliko huwapo kabla ya dawa kufika. Bakteria aliyeguswa na dawa akiwa hana kinga hakakamai, anakufa. Na yule aliyekuwa nayo huirithisha kwa watoto wake wote. Hatuombi neno usugu lifutwe, limekwisha kukubalika na kila mtu analijua. Tunaomba kila kitabu kinapolitaja kwa mara ya kwanza kiseme wazi kwamba hapa hakuna msuguo wala mazoea.

Jambo hili halina ubishi wa kitaalamu. Mwaka 1943 Salvador Luria na Max Delbrück waliotesha bakteria aina ya E. coli katika neli nyingi ndogo, kila moja ikianza na chembe chache tu, kisha wakamwaga kila neli kwenye sahani iliyojaa virusi vinavyoua bakteria hao. Hoja yao ilikuwa rahisi. Kama kinga inazaliwa baada ya kukutana na virusi, basi kila chembe ina bahati sawa na mwenzake, na sahani zote zitakuwa na manusura wa idadi zinazokaribiana. Kama kinga ilizaliwa mapema, wakati bakteria wakiongezeka ndani ya neli, basi neli ambayo badiliko lilitokea vizazi vya mwanzo itakuwa na ukoo mzima wa manusura, na nyingine hazitakuwa na hata mmoja. Walichokiona ni hicho cha pili: sahani nyingi tupu au zenye wachache, na moja hapa na pale iliyofurika.

Miaka tisa baadaye, mwaka 1952, Joshua na Esther Lederberg walilionyesha jambo hilo kwa njia ambayo hata mtoto anaielewa. Walifunika kipande cha gogo la mviringo kwa kitambaa cha mahameli safi, wakakigandamiza kwenye sahani yenye makoloni ya bakteria, yaani vijirundo ambavyo kila kimoja ni ukoo wa bakteria mmoja, kisha wakakipiga kama muhuri kwenye sahani nyingine zenye dawa. Nyuzi za mahameli hubeba chembe chache kutoka kila koloni, na kila moja hubaki mahali pake. Kwenye sahani za dawa makoloni machache yaliota, na yaliota mahali palepale katika kila sahani. Wakarudi kwenye sahani ya kwanza, ambayo haijaonja dawa hata kidogo, wakachota bakteria wa mahali hapo, na kwa kurudia hatua hizo wakapata ukoo wenye kinga ambao haukuwahi kukutana na dawa.

Kwa hiyo kosa kubwa zaidi katika miongozo yenu limo ndani ya neno lenye herufi tatu: ili. Bakteria hawabadiliki ili waishi. Wanabadilika ovyo, kwa kukosea wanaponakili vinasaba (DNA) vyao, na wengi wa waliokosea hawapati faida yoyote. Dawa inakuja baadaye na kuchagua. Uteuzi asilia unafanya kazi juu ya tofauti zilizokwisha kuwapo.

2. Hakuna hesabu, na bila hesabu somo halieleweki

Silabasi inasema mabadiliko ya jeni ni nadra, basi. Mwanafunzi anajiuliza, kwa haki kabisa, jambo nadra linawezaje kuishinda dawa. Jibu lipo kwenye tarakimu, na tarakimu hazipo kitabuni.

Vinasaba vya E. coli vina herufi zipatazo milioni 4.6, yaani vijenzi vya aina nne vilivyopangwa kama herufi katika sentensi. Kimeng'enya kinachonakili hukosea, kisha hujisahihisha chenyewe, halafu kundi lingine la protini hupita nyuma yake likirekebisha yaliyosalia. Baada ya ukaguzi wote huo hubaki takribani kosa moja kwa kila migawanyiko 1,000 ya chembe. Ni umakini wa ajabu. Sasa chukua mililita moja ya mchuzi wa kuoteshea bakteria, uliolala usiku mmoja kwenye joto la nyuzi 37 na kuamka umechafuka. Ndani yake mna bakteria wapatao bilioni moja, waliotokana na migawanyiko karibu bilioni moja. Gawanya kwa 1,000: makosa mapya milioni moja katika mililita moja, kwa usiku mmoja. Katika nusu lita ya mchuzi huohuo, makosa ni milioni 500. Kila herufi kati ya zile milioni 4.6 inaweza kugeuka kwa njia tatu, yaani mageuzi yote ya herufi moja hayafiki milioni 14. Maana yake, katika nusu lita ile karibu kila badiliko la herufi moja linalowezekana limekwisha kutokea, tena kwa wastani zaidi ya mara moja. Huo ndio uadimu tunaouzungumzia.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayoeleza kwa nini kifua kikuu hakitibiwi kwa dawa moja. Katika bakteria wa kifua kikuu ambao hawajawahi kukutana na dawa, takribani mmoja kati ya milioni moja tayari hauawi na isoniazidi, na takribani mmoja kati ya milioni 100 hauawi na rifampisini. Shimo moja kwenye pafu la mgonjwa linaweza kuwa na bakteria milioni 100. Ukimpa isoniazidi peke yake, unawaacha hai wapatao mia moja, na wiki chache baadaye shimo ni lao. Ukimpa zote mbili kwa pamoja, unahitaji bakteria mwenye mabadiliko mawili kwa wakati mmoja, na huyo anatarajiwa mara moja katika bakteria trilioni 100. Hayumo. Ndiyo maana matibabu ya kawaida huanza na dawa nne kwa miezi miwili, na ndiyo maana mgonjwa anayechagua kumeza moja na kuacha nyingine anajiharibia zaidi kuliko anavyodhani. Virusi vya Ukimwi vinabanwa kwa dawa tatu kwa mantiki hiyohiyo: mgonjwa asiyetibiwa huzalisha takribani chembe bilioni 10 za virusi kila siku, na kimeng'enya cha kunakili cha virusi hivyo hakina uwezo wa kujisahihisha.

Mwanafunzi wa kidato anayeweza kuzidisha vipeo vya kumi anaweza kuifanya hesabu hii kwenye nusu ukurasa. Akiifanya mara moja, haisahau.

3. Jeni hazirithiwi kutoka kwa mzazi peke yake

Kitabu kinamaliza sura nzima ya usugu bila kutaja kwamba bakteria hupeana jeni. Hili si jambo la juzi. Frederick Griffith alionyesha mwaka 1928 kwamba bakteria wa nimonia wasio na madhara wanaweza kuchukua tabia ya ukali kutoka kwa wenzao waliokufa, na mwaka 1944 Avery, MacLeod na McCarty walionyesha kwamba kinachohama ni vinasaba. Mwaka 1946 Lederberg na Tatum walionyesha bakteria hai wakipeana jeni. Mwaka 1952 Zinder na Lederberg walionyesha virusi vya bakteria vikizibeba kutoka chembe moja hadi nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1950 watafiti wa Japani walikuwa na bakteria wa kuhara damu wenye usugu dhidi ya dawa nne kwa mpigo, na usugu wote huo ulihamia kwa E. coli kama kifurushi kimoja.

Kifurushi hicho ni plasmidi: duara dogo la vinasaba lililo nje ya kromosomu, linalojinakili lenyewe na linaloweza kubeba jeni kadhaa za usugu kwa pamoja. Hapa ndipo picha ya mazoea inapoporomoka kabisa. Mtu anayemeza antibiotiki kwa ajili ya koo anawapiga pia bakteria wa utumboni mwake, ambao hawakuhusika na ugonjwa wowote. Wale wenye plasmidi wanabaki na kuongezeka. Siku bakteria wa maradhi wanapopita hapo, wanaikuta jeni iko tayari, imetengenezwa kitambo na ukoo mwingine. Na kwa kuwa jeni zimefungwa pamoja, dawa moja inatosha kuzisambaza zote, hata zile za dawa ambazo mtu huyo hajawahi kuzitumia. Mwaka 2015 wanasayansi wa China waliripoti jeni ya mcr-1, inayokinga bakteria dhidi ya kolistini, antibiotiki iliyokuwa ikipewa pia mifugo, ikiwa juu ya plasmidi, kwa nguruwe na kwa watu. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba usugu hutokea kwa mgonjwa asiyemaliza dozi tu hana namna ya kuelewa kwa nini dawa ya mifugo inamhusu yeye.

4. Hakuna badiliko zuri au baya pasipo kutaja mazingira

Kitabu kina jedwali la mabadiliko ya faida na mabadiliko ya hasara. Lifutwe. Badiliko linalomwokoa bakteria kwenye dawa mara nyingi humchelewesha kukua pasipo dawa, kwa kuwa limegusa kiungo cha kazi. Mfano bora hautoki kwa bakteria bali kwa vimelea vya malaria. Malawi iliacha kutumia klorokwini mwaka 1993 kwa sababu ilikuwa imeshindwa. Bila dawa, vimelea vyenye usugu vilipoteza nafasi yao, na vile vinavyouawa na klorokwini vikarudi kutawala. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha klorokwini ikiponya watoto 79 kati ya 80. Lakini msiwafundishe watoto kwamba usugu huondoka wenyewe kila mara. Mara nyingi hutokea badiliko la pili linalofidia hasara ya la kwanza, na hapo kuacha dawa hakusaidii sana.

Na ipo historia ndani ya kila ukoo. Tangu Februari 1988 Richard Lenski na wenzake wameotesha makundi 12 ya E. coli kutoka asili moja, kila siku wakihamisha sehemu moja ya mia kwenye chupa mpya, vizazi sita na nusu hivi kwa siku. Mchuzi wao una glukosi kidogo na sitreti (chumvi ya asidi ya limau) nyingi, na E. coli wa kawaida hawezi kuila sitreti penye oksijeni. Baada ya vizazi vipatavyo 31,500, kundi moja likaanza kuila. Kipande cha vinasaba kilikuwa kimenakiliwa mara mbili, na nakala ya jeni inayoingiza sitreti ikaangukia jirani na swichi inayofanya kazi penye oksijeni. Watafiti walipofufua mababu wa kundi hilo kutoka kwenye friza na kuwaanzisha upya, ni wale wa vizazi vya baadaye tu waliorudia. Mabadiliko ya awali yalikuwa yamesafisha njia. Waheshimiwa, kama bakteria hujibadilisha ili kukidhi haja zao, makundi mengine 11 yalikaa na njaa ya nini, vizazi vyote hivyo, chakula kikiwa mbele yao?

5. Hakuna zoezi la vitendo

Sura nzima haina zoezi hata moja, na kisingizio ni maabara. Kwanza tuseme lisilotakiwa: wanafunzi wasioteshe bakteria kwenye dawa ili kuwapata wenye usugu. Hiyo ni kuzalisha tatizo darasani. Kinachotakiwa ni dadu mbili, karatasi na penseli.

Gawa darasa makundi kumi. Kila kundi linachora chembe moja, inayogawanyika kuwa 2, 4, 8, 16, hadi 32. Kila chembe inayozaliwa inatupiwa dadu mbili. Zikitoka sita na sita, ipakwe rangi, na watoto wake wote wapakwe rangi bila kutupa tena. Hiyo ni mitupo isiyozidi 62. Mwishoni hesabu chembe zenye rangi kati ya 32. Takribani kundi moja kati ya sita halitapata hata moja. Mengi yatapata moja hadi nne. Kundi ambalo sita-sita ilitoka kwenye mgawanyiko wa kwanza litakuwa na 16 au zaidi. Kisha rudieni kwa kanuni ya mazoea: choreni chembe 32 bila kutupa chochote njiani, halafu kila moja itupiwe dadu moja mwishoni, sita iwe ndiyo inayopona. Wastani ni tano hivi, na karibu makundi yote yataangukia kati ya mbili na nane. Mwalimu anaandika safu mbili za namba ubaoni na kuuliza ni ipi inayofanana na sahani za mwaka 1943.

Zoezi huharibika kwa namna mbili. Wanafunzi husahau kuwapaka rangi watoto wa chembe yenye rangi, na tofauti kubwa inapotea. Kila kundi liwe na mtu mmoja wa kazi hiyo tu. Au mwalimu hufanya kwa makundi matatu badala ya kumi, na tofauti haionekani.

Mtakayotujibu

Mtasema somo ni gumu kwa umri huu. Maelezo sahihi yana urefu uleule wa maelezo yenye makosa, kama tutakavyoonyesha hapa chini. Mtasema istilahi za Kiswahili hazijatulia. Jeni, vinasaba, kunakili, kurithi na kuchagua zimetulia, na hizo zinatosha.

Mwenye kusoma zaidi atasema bakteria waliobanwa na dawa huongeza kasi ya kubadilika. Ni kweli kwa baadhi yao: vinasaba vikijeruhiwa, chembe huwasha vimeng'enya vya dharura vinavyonakili kwa papara, na makosa huongezeka. Lakini makosa hayo huangukia popote. Ni sawa na mtu kununua tiketi nyingi zaidi za bahati nasibu; hakuna aliyemwonyesha namba ya ushindi. Iko pia kinga ya CRISPR, ambamo bakteria huhifadhi vipande vya vinasaba vya virusi vilivyomvamia na kuwarithisha watoto. Huo ni upekee wa kweli, unastahili kisanduku chake kitabuni, na hauhusiani na namna dawa za antibiotiki zinavyoshindwa.

Tunachoomba

Kwanza, maelezo ya usugu yabadilishwe yawe hivi, au kwa maneno yenye maana hii: katika kundi kubwa la bakteria, wachache huwa tayari wana badiliko la jeni, au jeni waliyopewa na wengine, inayowakinga na dawa fulani, dawa huwaua wasio nayo, wenye nayo huzaana, na kizazi kinachofuata huwa chao.

Pili, mwongozo wa usahihishaji utoe alama moja kwa kutaja tofauti iliyokuwapo kabla ya dawa, moja kwa dawa kuua wasio na kinga, na moja kwa kinga kurithiwa au kuhamishwa. Jibu lenye "huzoea" au "hujibadilisha ili" lisipate alama kwa sehemu hiyo. Ilani itolewe kwa walimu muhula mmoja kabla, ili mtahiniwa asiadhibiwe kwa kosa la kitabu.

Tatu, hesabu ya mililita moja na ile ya dawa mbili za kifua kikuu ziingizwe, pamoja na nusu ukurasa kuhusu plasmidi. Nafasi itapatikana kwa kuondoa lile jedwali la faida na hasara.

Nne, zoezi la dadu liwekwe kwenye kiongozi cha mwalimu.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 60, likitaja kila ombi kwa namba yake na sababu pale mnapokataa. Tuko tayari kukaa na majopo yenu, bila malipo, mstari kwa mstari. Na tunaomba uchapaji ujao usianze kabla ya jibu hilo.

Wenu katika kazi,

Walimu wa Biolojia na wataalamu wa maabara za vijidudu